Tusiwavike Wazee Wetu Nguo Zisizo Zao



Juma hili nataka tuzungumze juu ya nguo. Sina nia ya kusema habari za bei ya nguo wala mitindo ya vijana, maana hayo yamekwisha kusemwa sana. Nataka tuzungumze juu ya nguo za kale, na hasa juu ya swali moja: tunajuaje kwamba watu wa zamani walivaa hivi, wala si vile?

Mtu anaweza kudhani kwamba swali hili ni la wataalamu wa makumbusho peke yao. Sivyo. Watu wa kwetu hulijibu kila siku. Kikundi cha maigizo kinapoandaa mchezo wa enzi za utumwa, lazima mtu aamue mtumwa avae nini na bwana wake avae nini. Shule inapofanya siku ya utamaduni, watoto huvishwa kinachoitwa vazi la asili. Bibi harusi anapotaka kutoka kama walivyotoka bibi harusi wa zamani, fundi cherehani huitwa akaulizwa. Na wote hao, wakikwama, hufanya jambo moja: hutafuta picha ya zamani, wakaiiga kama ilivyo.

Kutazama picha ni jambo jema. Lakini picha ni shahidi, na kila aliyewahi kuhudhuria baraza la wazee anajua kwamba shahidi huhojiwa. Huulizwa alikuwa wapi, aliona nini, na nani aliyemleta. Anayeiga picha bila ya kuihoji huenda akawavika wazee wetu nguo ambazo hawakuzivaa hata siku moja, na watoto wakakua wakiamini kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kwanza tuelewe kwa nini kazi ya kuzijua nguo za kale ni ngumu. Chungu kikivunjika, vigae vyake hukaa ardhini miaka elfu na zaidi. Shanga hukaa. Hata chuma kikiliwa na kutu, huacha alama yake. Nguo huoza. Pamba na kitani huharibiwa na unyevu, sufu huliwa na nondo, na hariri hukatika yenyewe kwenye mikunjo. Pwani yetu, kwa joto lake na chumvi yake na mvua zake za masika na vuli, ni mahali pabaya mno pa kuhifadhia kitambaa. Ndiyo maana nguo za kale kabisa zilizosalia duniani zimepatikana mahali pa namna ya pekee: katika mchanga mkavu wa Misri, katika barafu ya milimani, na katika tope la nchi za kaskazini ya Ulaya lisilopitisha hewa.

Chukueni mfano wa nguo moja ya kitani iliyotoka Tarkhan, kusini ya Cairo. Mwaka 1913, mtaalamu Mwingereza Flinders Petrie alikuwa akichimbua makaburi ya mahali hapo, akakuta rundo la vitambaa vichafu. Vilifungwa vikapelekwa London, na huko vikakaa zaidi ya miaka 60 bila ya mtu kuvishughulikia. Mwaka 1977 vilipelekwa kusafishwa na wataalamu wa jumba la makumbusho la Victoria and Albert, nao ndio walioona kwamba katikati ya matambara yale mlikuwa na nguo: ina mikono mirefu, ina shingo iliyokatwa kwa ncha, na mabegani na mikononi ina marinda membamba yaliyopangwa kwa ustadi mkubwa. Mwaka 2015 ilipimwa umri wake kwa njia ya kisayansi, na majibu yakatoka kwamba kitani chake ni cha kati ya mwaka 3482 na mwaka 3102 kabla ya Kristo. Ni miaka zaidi ya elfu tano.

Lakini umri wake si jambo kubwa kuliko yote. Nguo ile ilikutwa imegeuzwa ndani nje, kama inavyokuwa nguo mtu anapoivua kwa kuivuta juu ya kichwa. Viwikoni na makwapani ina mikunjo. Kwa hiyo haikushonwa kwa ajili ya maiti tu. Kuna mtu aliyeivaa akiwa hai, akakunja mikono yake, akafanya kazi zake. Pindo lake la chini limekatika, na kwa sababu hiyo hakuna awezaye kusema kwa hakika kama ilikuwa fupi au ilifika miguuni. Anayetaka kuishona upya leo hana budi kuliacha jambo hilo wazi, au aseme mbele ya watu kwamba urefu ule ni wa kukisia.

Sasa ilinganisheni nguo hiyo na michoro ya kuta za makaburi ya Misri. Humo wanawake huchorwa wamevaa nguo nyembamba, imebana mwili kuanzia chini ya matiti mpaka kwenye vifundo vya miguu, haina kunjo hata moja. Mwanamke aliyevaa hivyo asingeweza kupanda ngazi wala kupiga magoti asage nafaka. Nguo zilizotoka katika makaburi ni nyingine: ni pana, zina mikono, na mwili hujongea ndani yake bila ya taabu. Je, mchoraji alisema uongo? Hapana. Mchoraji wa Misri alikuwa na kanuni zake. Alichora uso kwa upande, jicho kwa mbele, na mabega kwa mbele, ijapokuwa hakuna binadamu aliyeumbwa hivyo. Alitaka kuonyesha umbo zuri la kudumu milele, na nguo ikafuata umbo. Walioishika kazi yake kama kwamba ni kipande cha mshonaji ndio waliokosea.

Miaka tisa baada ya Petrie kuchimba Tarkhan, yaani mwaka 1922, Howard Carter alilifungua kaburi la mfalme Tutankhamun. Wengi wetu tumesikia habari za dhahabu yake. Ni wachache waliosikia kwamba ndani mlikuwa na masanduku ya nguo za mfalme: kanzu, glovu, viatu, na nguo za ndani kwa makumi. Sanduku moja lililopakwa rangi lilimchukua Carter wiki tatu kulimaliza, kwa kuwa vitambaa vilikuwa vimeoza hata vikisagika kwa kuguswa, na juu yake vilikuwa vimeshonewa maelfu ya shanga na vipande vidogo vidogo vya dhahabu. Ilimbidi achague. Ama aokoe kitambaa na shanga zimwagike ovyo, ama akitoe kitambaa kidogo kidogo na ahifadhi mpangilio wa shanga. Mara nyingi alichagua mpangilio, kwa sababu alijua kwamba baadaye fundi ataweza kushona nguo mpya ya kipimo kile kile na kuurudisha urembo ule mahali pake.

Na hapo ndipo kamera ilipofanya kazi yake. Mpiga picha Harry Burton alipiga picha kila kitu kilipokuwa, kabla hakijaguswa, na tena baada ya kila hatua. Picha zake zinapendeza kuzitazama hata kama huna haja na elimu ya kale. Mwanga wake ni safi, kila uzi unaonekana. Lakini uzuri wake mkubwa ni uaminifu. Vitu ambavyo baadaye vilisagika mikononi mwa watu bado vinaonekana katika picha za Burton, na wataalamu wa nguo waliokuja kuzishona upya nguo za Tutankhamun katika miaka ya 1990 walifanya kazi kwa nguo zilizobaki, kwa maandishi ya Carter, na kwa picha hizo. Tazameni basi: mchoro wa ukutani ulikuwa na kanuni zake, na picha ya kamera ikaziba pengo. Mtu angeweza kukata shauri kwamba kamera haidanganyi. Nitalirudia jambo hilo tutakapofika pwani.

Kabla ya hapo tupite Ulaya kidogo. Warumi na Wayunani hawakutuachia nguo nyingi. Walituachia sanamu za mawe. Toga ya Kirumi inaonekana katika mamia ya sanamu, lakini kwa muda mrefu wanazuoni walibishana juu ya umbo la kitambaa chenyewe kikitandazwa chini. Jibu halikupatikana kwa kuzikodolea macho sanamu. Mfaransa Léon Heuzey, aliyefundisha katika chuo cha sanaa cha Paris, aliwavika watu hai vitambaa, akavikunja na kuvipitisha begani mpaka mikunjo ikafanana na ya sanamu, kisha watu hao wakapigwa picha. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1922. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lillian Wilson alitoa kitabu chake juu ya toga, naye alifuata njia hiyo hiyo ya kujaribu kwa kitambaa mwilini. Ndipo ikabainika jinsi toga ya siku za wafalme wakuu wa Roma ilivyokuwa kitambaa kikubwa mno chenye ukingo wa mviringo, kiasi kwamba mtu alihitaji msaada kuivaa na hakuweza kukimbia ndani yake. Hilo lenyewe ni habari. Toga ilikuwa nguo ya mtu asiyefanya kazi ya mikono.

Tena kuna suala la rangi. Sanamu tunazoziona nyeupe zilikuwa zimepakwa rangi zilipokuwa mpya. Huko Athens kuna sanamu ya msichana, iliyochimbuliwa mwaka 1886, ambayo iliitwa kwa jina la vazi la Kiyunani la peplosi, kwa kuwa ndilo lililodhaniwa amelivaa. Wataalamu walipokuja kuchunguza chembe za rangi zilizosalia kwenye jiwe, waliona kwamba mbele ya nguo yake mlichorwa safu za wanyama, na kwamba amevaa nguo zaidi ya moja, vazi la heshima kubwa, huenda la mungu wa kike. Jina la kale limemganda, lakini vazi silo. Umbo la jiwe lilisema jambo moja, na chembe za rangi zikasema jingine.

Haya, sasa turudi nyumbani.

Tuna ushahidi gani juu ya nguo za pwani yetu? Tunao wa namna kadhaa. Katika magofu ya miji kama Kilwa vimechimbuliwa vigurudumu vidogo, vingi vikiwa vimetengenezwa kwa gae la chungu lililotobolewa katikati. Hivyo ni vya kusokotea uzi. Nguo zimeoza, lakini vigurudumu vinatuambia kwamba watu wa hapa walisokota pamba yao wenyewe, hawakungoja majahazi yawaletee kila kitu. Kuna pia maandishi. Ibn Battuta alifika Mogadishu mwaka 1331, akaeleza mavazi aliyopewa kwa heshima ya mgeni: nguo ya hariri ya kufunga kiunoni badala ya suruali, vazi la juu la kitani cha Misri, joho, na kilemba. Kila anayevaa kikoi leo atalielewa lile la kwanza bila ya kufasiriwa. Na mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa aliandika habari za watu wa Sofala, kwamba walifuma nguo nyeupe za pamba yao, na kwa kuwa hawakuwa na dawa za kutia rangi, walichukua nguo za rangi zilizotoka Cambay katika Bara Hindi, wakazifumua nyuzi, wakazifuma upya pamoja na nyuzi zao nyeupe. Mtu aliyeshika kitambaa kile angesema ni cha kigeni. Uzi mmoja ulikuwa wa kigeni, ufumaji ulikuwa wa hapa.

Karne ya 19 ilileta mambo mawili kwa pamoja: nguo za viwandani na kamera. Mfanyabiashara wa Kimarekani alileta kitambaa kigumu cha pamba kisichopaushwa, nasi tukakiita merikani kwa jina la nchi yake. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani ulitiwa sahihi mwaka 1833. Palikuwa na kaniki, nguo ya buluu iliyokoza. Ikaja leso, neno tulilolichukua kwa Wareno, na simulizi ya pwani inasema kwamba wanawake walinunua leso za mkono zikiwa hazijakatwa, wakaziunga sita pamoja, tatu kwa tatu, na huo ukawa mwanzo wa kanga. Kwa hiyo ukiona katika picha ya zamani mshono unapita katikati ya nguo, usidhani ni kiraka cha umaskini. Huenda unatazama mwanzo wenyewe wa kanga.

Nao wapiga picha wakafungua studio Unguja. A. C. Gomes, na baadaye ndugu wa Coutinho, wote watu wenye asili ya Goa, walitengeneza picha ambazo mpaka leo zinauzwa na kuchapwa upya. Ni kazi ya mafundi. Tazama jinsi mwanga unavyoangukia ukingo wa kanzu, au jinsi unavyoweza kuhesabu nyuzi za darizi shingoni. Tuwape haki yao. Bila ya watu hao tusingekuwa na nyuso za watu wa enzi ile.

Lakini tuwahoji. Nitataja maswali matatu.

Swali la kwanza ni la rangi. Vioo vilivyotumika katika kamera za karne ya 19 havikuona rangi kama lionavyo jicho la mtu. Viliona sana buluu, na nyekundu karibu havikuiona. Katika picha iliyosafishwa, buluu ilitoka nyepesi kuliko ilivyo, na nyekundu ikatoka nyeusi. Fikirieni basi kisutu, ile kanga ya harusi yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwenye kioo cha zamani nyekundu na nyeusi yake huchanganyika. Mtu akiitazama picha hiyo leo atasema bibi harusi alijifunga nguo nyeusi na nyeupe. Na siku hizi ziko programu za kompyuta zinazotia rangi picha za zamani, watu wakazisambaza kwa simu na kuzipenda. Zile rangi ni za kubuni. Mashine haikuwapo harusini.

Swali la pili ni la studio yenyewe. Nyuma ya mtu kuna pazia lililochorwa nguzo au bustani. Chini kuna zulia. Je, zulia ni lake? Je, jambia ni lake? Je, nguo ni yake, au alipewa aivae kwa nusu saa? Binti Salme wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844, aliondoka nchini mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete. Picha yake mashuhuri akiwa katika mavazi ya binti wa Sultani ilipigwa huko Hamburg. Nguo ni za kwao kweli, na aliyezivaa alijua namna ya kuzivaa, wala hakuna haja ya kumtilia shaka. Lakini uso wake u wazi mbele ya kamera ya mwanamume wa mbali, na yeye mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotolewa mwaka 1886, ameeleza habari za barakoa waliyoivaa wanawake wa daraja lake. Picha inatuonyesha nguo. Kitabu kinatuambia nani aliruhusiwa kuiona. Ukikosa kimoja umepungukiwa.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: nani aliyeitaka picha ile, na nani aliyeilipia? Mwenye mali alikwenda studio kwa hiari yake, akavaa joho lake na kilemba chake, na jina lake likaandikwa. Mtu wa kawaida mara nyingi alipigwa picha kwa ajili ya kadi za posta, zinunuliwe na wageni walioshuka melini. Chini yake huandikwa maneno kama "mwanamke wa Kiswahili" au "wachukuzi". Hana jina. Hakuna aliyemuuliza nguo ile anaiitaje, wala kama ndiyo aivaayo siku zote.

Nalisema hili kwa sababu nguo katika Unguja ya karne ya 19 ilikuwa ni daraja. Mtumwa alivaa merikani au kaniki ya kujifunga, alikwenda miguu mitupu, na kichwa chake hakukifunika kama muungwana. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria huko Unguja mwaka 1897, watu walioachwa huru hawakungoja serikali iwaambie wao ni nani. Waliacha kaniki. Wanawake walinunua kanga za rangi, na baadaye wakavaa buibui. Kwao kanga haikuwa pambo tu. Ilikuwa ni namna ya kutembea barabarani na kuambia kila mtu kwamba mimi si wa mtu.

Sasa tazameni sherehe zetu. Tukisema tunavaa kama wazee wetu, kila mwanamume hupewa joho na jambia, na kila mwanamke hupambwa kama aliyetoka jumba la mfalme. Kwa nini? Kwa sababu picha nzuri zenye majina ni za watu wa jumba la mfalme. Lakini tujiulize kwa haki. Wazee wa wangapi kati yetu walivaa joho? Wengi wa waliojenga miji hii, waliochuma karafuu, waliobeba mizigo mpaka bara, walivaa merikani na kaniki. Tukiwavisha wote joho, tumewafuta. Tumefuta utumwa wao, na tumefuta pia ile siku waliyoivua kaniki kwa mikono yao wenyewe. Mchezo wa kuigiza usioweza kuonyesha tofauti hiyo kwa nguo utawezaje kueleza kilichotokea?

Wako watakaosema kwamba kumvika mtu nguo ya kitumwa jukwaani ni kumdhalilisha. Neno hilo si la kupuuzwa, na linataka busara. Mimi naona aibu ya kaniki si ya yule aliyelazimishwa kuivaa. Na ukweli ukionyeshwa kwa adabu, mtoto anayetazama ataelewa kwa nini bibi yake wa tatu aliithamini kanga kiasi kile, akaikunja na kuiweka sandukuni pamoja na asumini.

Tufanye nini basi? Yako mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu, wala hayahitaji mfadhili.

La kwanza, wale wanaoshona nguo za maigizo na za sherehe wasitosheke na picha moja. Wachukue picha, watafute maandishi, na zaidi ya hayo wamwite mzee anayejua kuvaa. Kuvaa ni elimu ya mikono. Nguo ya kufunga, ukiifunga kwa kufuata picha, huenda ikashikilia ukiwa umesimama, na hatua ya tatu ikafunguka. Hapo ujue kuna kunjo ambalo kamera haikuliona. Mzee wa miaka 80 atakuonyesha kwa nukta moja, kisha atakwambia na jina lake. Akishafariki, hakuna picha itakayokuonyesha.

La pili, tuzitazame picha zilizo majumbani mwetu. Ziko chini ya magodoro, ndani ya mabahasha, nyuma ya vioo vya makabati. Kaa na wazee uwaulize: huyu ni nani, ilikuwa mwaka gani, shughuli gani, nguo hii ni yake au ya kuazima, ilikuwa na rangi gani? Kisha andika majibu nyuma ya picha kwa penseli laini, pasipo kukandamiza. Usitumie kalamu ya wino, kwa sababu wino hupenya mpaka mbele. Usizibandike kwa gundi wala kwa utepe wa plastiki. Ziweke pakavu, mbali na jua na jiko. Na ukizipiga picha kwa simu ili kuwapelekea jamaa, piga na upande wa nyuma, jina lisafiri pamoja na uso.

La tatu, tusiwe wepesi wa kuzigeuza nguo kuukuu kuwa matambara ya kupangusia. Kanga yenye jina lililoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kofia iliyoshonwa kwa mkono, kanzu ya babu yenye darizi ya rangi iliyofifia, vitu hivyo ni ushahidi. Mshono wa ndani, ule usioonekana katika picha yoyote, ndio anaoutafuta fundi. Ukiona huna nafasi ya kuviweka, yako majumba ya makumbusho, na wako jamaa wenye hamu navyo. Na ukitoa kitu, toa pamoja na habari zake. Nguo ya Tarkhan ilikaa miaka 60 ikiwa rundo la matambara kwa kuwa hapakuwa na aliyeiuliza. Zetu hazitangoja miaka 60 katika hali yetu hii ya hewa.

Ndugu wasikilizaji, mtu huvishwa mara ya mwisho na wengine, naye hana la kusema. Waliotutangulia wamo mikononi mwetu kwa namna hiyo hiyo. Kila tunapowaweka jukwaani, katika filamu au katika kitabu cha watoto, ni sisi tunaowachagulia nguo. Tuwachagulie zile walizozivaa. Anayeanza leo na aanze na picha moja tu, na mzee mmoja, na penseli moja.